Chura Hajui Cheo

Jumatatu hiyo taa ilimwakia Kezia nyekundu, na hata saa moja asubuhi ilikuwa haijafika.

Alikuwa peke yake ofisini, miguu juu ya meza, pai ya nyama mkononi, sosi inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amesharusha kazi yake kwenye mtambo na sasa anasubiri kijani, ametulia kama mtu anayesubiri chenji yake halali. Taa ikapepesa, ikapepesa tena, ikawaka nyekundu.

Kezia akaitazama. Akaitazama pai. Akairudia taa.

"We taa," akaiambia, "usinizoee."

Ilikuwa taa ya zamani ya reli ya miwa. Aliiokota mwenyewe kwenye vyuma chakavu nyuma ya kiwanda cha sukari, akaifunga nyaya, akaipandisha juu ya kabati. Pale Mackay, mji wa miwa kule Queensland, Australia, vyuma vya reli ya miwa vimezagaa kila uchochoro, lakini yeye peke yake ndiye aliyewaza kukipa kimoja kazi ya ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na watu wake watatu tu. Walikuwa wanatengeneza programu ya wakulima: mkulima akitaka mabehewa ya kupakia miwa, anaagiza kwenye simu, kiwanda kinaona, treni inampelekea. Kazi ya Kezia ilikuwa kuulea mtambo, na mtambo huo haukuwa wa chuma. Ulikuwa programu ya kuchunga programu nyingine, unaishi kwenye seva ya kukodi, sijui nchi gani huko. Mtu akimaliza kipande chake anakirusha mtamboni. Mtambo unakichanganya na vipande vya wenzake, unaijenga programu nzima upya kuanzia tofali la kwanza, halafu unaibana kwa majaribio mia tatu na kumi na mawili. Yote yakipita, kijani, mzigo ruksa kwenda kwa wakulima. Likigoma moja tu, nyekundu, na hakitoki kitu. Dakika tatu, umeshajua wewe ni fundi au msanii.

Kabla Kezia hajaja walikuwa wanaunganisha kazi zao kila Ijumaa jioni, kwa mkono na kwa matusi. Kipande hiki kinakataa kile, huyu anamwambia yule ndiye kaharibu, mpaka giza linaingia. Kezia akaja, akaangalia Ijumaa moja tu, akasema, "Nyie mnachezea maisha." Miezi miwili baadaye mtambo ukawa unafanya kazi, na sheria zake zikawa ukutani, kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene na hasira.

Sheria zilisema hivi. Atakayewasha nyekundu, chura ni wake. Huyo chura alikuwa wa kukaushwa, mmoja wa wale wakubwa wanaojaa kwenye miwa, amevaa kikofia cha reli, jicho moja limeng'oka, jina lake Clive. Anakaa juu ya meza yako mpaka taa irudi kijani, na Ijumaa unaleta keki. Ukiwasha nyekundu mara tatu ndani ya wiki mbili, unanyang'anywa ufunguo, mwezi mzima huruhusiwi kutoa toleo. Na mstari wa mwisho, umepigiwa mistari miwili chini: CHURA HAJUI CHEO.

Aliandika hayo mwenyewe, siku ya tatu tu tangu mtambo uanze, wala hakumwomba mtu ruhusa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wakati anachimba nani atamwambia.

Kezia Tanna ndivyo alivyo. Shule aliiacha na miaka kumi na mitano, kwa kugombana na mwalimu wa hesabu juu ya jibu ambalo mpaka leo anaapa lilikuwa sahihi. Babu wa babu yake aliletwa toka visiwa vya Pasifiki kukata miwa, na ukoo wao wote umekatia hapohapo. Yeye akasema miwa hapana, akaingia bekari, miaka sita anakanda ngano. Kompyuta alijifunza kwa kuitengeneza mashine ya oda ya bekari, maana ilikuwa inaganda kila Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya pai. Fundi wa kuiponya alikuwa anatoka Townsville, mwendo wa saa nne barabarani. Mara ya tatu ilipoganda Kezia akasema huyo fundi ana vidole vingapi ambavyo mimi sina.

Bekari aliiacha, lakini bekari haikumwacha. Saa tisa na nusu usiku macho yanafunguka yenyewe, pwaa. Saa kumi na mbili kamili yuko ofisini, anapiga kazi mbichimbichi kabla jua halijachoma bati. Wenzake wanaingia akiwa ameshachoka na ameshashiba.

Sasa nyekundu hii ya Jumatatu ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa Jumatano iliyopita, asubuhi vilevile. Siku ile akajilaumu, akapekua kazi yake, akakuta kitu kidogo hakijakaa sawa, akakinyoosha, akarusha tena kwenye saa nne na nusu, kijani. Akasema haya, nilikosea, keki nitaleta. Akaoka mwenyewe. Alhamisi na Ijumaa kazi ikamchelewa, akarusha mchana, kijani.

Lakini hii ya Jumatatu alipekua masaa matatu hakuona kosa. Saa nne na robo akaingia Darcy, kahawa mkononi, miwani ya jua kichwani. Darcy alikuwa na shahada ya Brisbane, alikuwa anaitaja mara mbili kwa wiki, na Kezia alikuwa anamwita Msomi.

"Kezi," akasema, anamwangalia Clive juu ya meza ya mwenzake. "Mmeamkaje, wewe na mchumba wako?"

"Usinianze, Msomi."

"Jaribio gani limegoma?"

"Lile lako la Jumanne iliyopita. Mkulima akiagiza mabehewa leo, oda ionekane kwenye orodha ya leo. Na mimi huko hata sijagusa. Nimegusa ukurasa wa treni tu."

Darcy akainama juu ya bega lake, akabofya kitufe cha kurudia. Kazi ileile, haijabadilishwa hata nukta. Dakika tatu, kijani.

"Unaona?" akasema. "Mtambo wako una homa za asubuhi. Upe panadoli."

"Mtambo hauumwi."

"Basi unaumwa wewe."

Kezia akamtazama kwa jicho ambalo lingeivisha mkate. Maana hapo ndipo alipokuwa amebanwa. Akisema mtambo unadanganya, mtambo kaujenga yeye. Akisema mtambo haudanganyi, basi yeye ndiye anayeharibu. Kila mlango unatokea kwenye fedheha.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Ijumaa hiyo miezi yake sita ya kuangaliwa ilikuwa inaisha, na bosi wao, Glenys, alikuwa ameshamwambia waziwazi: "Msimu wa kusaga unaanza Jumanne ijayo. Ijumaa nitaamua kama nakuajiri moja kwa moja au tunaagana vizuri. Mwenye kulea mtambo lazima awe na ufunguo. Asiye na ufunguo nitamweka wa nini?"

Glenys hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Miaka ishirini alikuwa karani wa mizani pale kiwandani, anapima miwa na anapima watu. Hiyo programu aliianza peke yake kwenye gereji ya nyumbani, anajifunza usiku kwa vitabu vya kuazima, baadaye ndiyo akaajiri. Siku hizi alikuwa anahangaika na wakulima na kiwanda, kuandika aliwaachia vijana.

Jumanne Kezia hakurusha kitu asubuhi. Aliogopa, na kuogopa kukamtia hasira, na hasira ikamtuma aoshe friji ya ofisi. Jioni akarusha vipande viwili, vyote kijani. Akalala anajiambia imepita hiyo.

Jumatano saa kumi na mbili na dakika kumi akarusha kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kurusha. Jina la mkulima mmoja lilikuwa limekosewa herufi, akaibadilisha. Herufi moja. Mtoto wa darasa la pili angeweza.

Nyekundu. Jaribio lilelile.

Kezia alisimama, akalipiga teke pipa la takataka, pipa likagonga kabati, taa ikayumba lakini ikabaki nyekundu, na pai ikaanguka kifudifudi kwenye zulia. Akatukana kwa lugha ya bekari, ambayo haiandikiki.

Halafu akatazama mlangoni.

Hakuna aliyeona. Ofisi tupu, chini fundi wa matairi ndiyo kwanza anapandisha mlango wake wa bati. Na kumbukumbu za mtambo, nani mwenye funguo zake? Yeye. Mbofyo mmoja, asubuhi hii haikuwahi kutokea. Saa nne anarusha tena, kijani, Ijumaa anasaini, maisha yanaendelea. Kidole kikaenda mpaka juu ya kitufe. Kikakaa pale kama inzi anayewaza.

Macho yakaenda ukutani. Mwandiko wake mwenyewe, mkubwa, umelala upande kwa jazba.

"Mshenzi wewe," akajiambia, sijui yeye au lile boksi. Akaenda kwenye rafu, akamshika Clive shingoni, akamtwanga juu ya meza yake mwenyewe. Kikofia kikadondoka, akakirudisha.

"Ya tatu hiyo," akamwambia. "Sasa tutaona nani anamdanganya nani."

Akaacha kuipekua kazi yake, akaanza kuupekua mtambo. Akairudia ileile herufi moja bila kuigusa. Saa moja, nyekundu. Saa mbili, nyekundu. Akachapisha kumbukumbu zote tangu lile jaribio la Darcy liingie, akazitandaza sakafuni, akapiga magoti juu yake na kalamu nene. Nyekundu, Kezia, asubuhi. Nyekundu, Kezia, asubuhi. Darcy, mchana, kijani, kijani, kijani. Glenys hakuna. Kama ni kuonewa, hapa palikuwa na ushahidi wa kuonewa.

Saa tatu kamili Glenys akaingia, akaruka karatasi kama mtu anayevuka mfereji. Akamwona chura.

"Ya ngapi?"

"Ya tatu, bosi."

Glenys akatua mkoba wake taratibu. "Kezia."

"Najua. Nipe mpaka saa nne tu. Baada ya hapo nyang'anya unachotaka."

"Saa nne," akasema Glenys, akaenda kwenye meza yake akaanza kupiga simu zake.

Kezia akarudia mara nyingine, nyekundu, na safari hii hakusoma ule ukurasa mzuri wenye rangi ambao kila mtu anausoma. Alifungua ule wa ndani, mbichi, mistari midogo myeusi ambayo hata yeye alikuwa ameizoea mpaka haioni. Kila mstari unaanza na siku na saa. Akaupitisha kidole.

Jumanne. Saa tano usiku.

Akatazama dirishani. Jua linawaka, malori ya matairi yanashusha. Leo Jumatano, saa tatu asubuhi.

"We mtambo," akasema polepole, "uko wapi wewe?"

Watu wa kusini, Sydney na Melbourne, wanasogeza saa zao mbele na nyuma kila mwaka kama wanaohamisha makochi. Queensland hatusogezi. Tuliwahi kuulizwa kwa kura, tukakataa, na ukitaka ugomvi baa yoyote ya Mackay wewe lianzishe hilo. Saa ni saa, ng'ombe hajui kusogeza. Ndiyo maana pale ofisini hakuna aliyewahi kupoteza hata dakika moja kuwaza habari za saa. Ingekuwa ofisi ya Sydney, ingewauma mapema, maana kila mwaka mara mbili wanakumbushwa. Hawa wetu walilala usingizi wa haki.

Kumbe ile seva ya kukodi inaishi kwa saa za London za majira ya baridi, mwaka mzima bila kusogezwa. Iko nyuma ya Mackay masaa kumi kamili. Kuanzia usiku wa manane mpaka saa nne asubuhi, Mackay ni leo, kule bado jana. Jaribio linataka leo ya Mackay, programu inaiuliza seva tarehe, seva inatoa ya kwake.

Kezia akakumbuka bekari. Tanuri la bekari lilikuwa na saa iliyochelewa nusu saa, miaka na miaka, na mkate haukuwahi kuungua kwa sababu kila mtu alijua. Hapa hakuna aliyejua.

Halafu wazo la pili likamjia, na hili likamtoa jasho. Jaribio limegoma kwenye seva. Na programu yenyewe, ile watakayotumia wakulima, inakaa wapi? Kwenye seva hiyohiyo.

Akachukua simu akampigia Mzee Alfio Tornabene wa njia ya Walkerston, mkulima pekee aliyekuwa ameshapewa programu aijaribu kabla ya msimu.

"Mzee Alfio, shikamoo. Kezia huku, wa mabehewa."

"Marahaba binti. Yule mwenye hasira?"

"Huyohuyo. Umeshajaribu kuagiza?"

"Mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijakamata trekta. Inafanya kazi vizuri sana. Ila oda inakuja na tarehe ya jana."

Kezia akafumba macho. "Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Nilidhani ndiyo mambo ya kisasa."

"Na Jumanne wakulima wote wataagiza saa hizohizo?"

"Binti, mkulima anayeagiza saa nne asubuhi huyo si mkulima, huyo ni mtalii."

Jumanne ijayo, basi, mashamba sabini yangeagiza mabehewa alfajiri, oda zote zingeingia kwenye orodha ya Jumatatu ambayo hakuna anayeiangalia tena, na treni zisingekwenda popote. Miwa imeshakatwa, imelala juani, inachacha, kiwanda kinasubiri, na Glenys anapokea simu sabini kwa mpigo.

Saa nne kasoro dakika kumi Darcy akaingia, mapema kwa viwango vyake, kwa sababu alikuwa ametumiwa ujumbe usemao: NJOO SASA HIVI MSOMI.

"Kuna moto?" akauliza.

"Kaa. Rusha kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Ongeza nafasi tupu mahali. Kazi yako si safi siku zote?"

"Safi kama maji ya chupa," akasema Darcy, akakaa, akaongeza nafasi tupu moja, akarusha. Akapuliza kahawa yake. Dakika tatu.

Nyekundu.

Darcy akaweka kikombe chini. "Hapana. Umeitegesha."

"Sijagusa." Kezia akamnyanyua Clive, akamhamishia kwenye meza ya Darcy, akampangusa vumbi kichwani kwa heshima. "Msalimie. Sasa tulia, angalia ile saa ya ukutani. Ikigonga saa nne, bofya rudia. Usibadilishe kitu."

Glenys alikuwa ameshaacha simu, amesimama nyuma yao na mikono kifuani. Saa nne ikafika. Darcy akasubiri dakika moja zaidi kwa ubishi tu, akabofya. Wote watatu wakawa wanaitazama taa ya reli kama wanaosubiri treni.

Kijani.

"Homa za asubuhi," akasema Kezia. "Ulisema mwenyewe, ila hukujua unasema nini." Akawaeleza yote, London, jana na leo, Mzee Alfio na tarehe zake za kisasa. Alipofika kwenye mashamba sabini, Glenys akavuta kiti akakaa.

Darcy, kwa upande wake, alikuwa anafikiria chura. "Ngoja kwanza. Kosa si langu, si lako. Jaribio langu limelifichua tu. Nani aliandika ule mstari unaoiuliza seva tarehe? Mtambo unajua kila mstari ni wa nani."

"Fungua," akasema Kezia.

Akafungua. Mstari mmoja mfupi, wa miaka miwili nyuma, kabla ya ofisi, kabla ya taa. Pembeni yake jina la mwandishi. Darcy akalisoma, akaanza kuipenda sana kahawa yake.

Glenys Hallam.

Chini, fundi wa matairi aliangusha spana, ikasikika mpaka ghorofani.

Kezia alimtazama chura. Akamtazama bosi, ambaye keshokutwa ndiye mwenye kalamu ya kumwajiri au kumrudisha kwenye ngano. Mtu mwenye akili hapo anaangalia dari, anasema yameisha, tusonge mbele. Darcy alikuwa anaangalia dari.

Kezia akamchukua Clive kwa mikono miwili. Hatua saba mpaka meza ya Glenys, na kila hatua akiwaza jinsi unga unavyoingia puani saa kumi alfajiri. Akamweka katikati ya meza, juu ya makaratasi ya kiwanda. Akamnyoosha kikofia.

"Sheria iko ukutani, bosi," akasema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyopanga.

Glenys akaangaliana na lile jicho moja la Clive muda mrefu. Miaka ishirini ya mizani usoni, husomi kitu.

"Usiku ule niliuandika huo mstari kwenye saa saba," akasema mwishowe. "Nikaujaribu kesho yake mchana, baada ya chakula. Ukafanya kazi."

"Mchana unafanya kazi vizuri sana," akasema Kezia.

"Zile nyekundu zako tatu futa."

"Zinabaki. Mtambo haudanganyi. Nyekundu ilikuwa nyekundu, ila tunaandika pembeni za nani."

Darcy akakohoa. "Na hii yangu ya leo?"

"Nyamaza, Msomi."

Kabla ya chakula cha mchana Kezia alikuwa ameshaurekebisha ule mstari uulize saa ya Mackay. Akauamuru pia mtambo ujiamshe wenyewe kila siku saa kumi na moja alfajiri na kujipima wakati wakulima wanaamka, mtu awepo asiwepo. Alhamisi Mzee Alfio akapiga simu kulalamika kwamba oda yake sasa imekuja na tarehe ya leo, na ndiyo kwanza alikuwa ameizoea ile nyingine.

Ijumaa Glenys akaleta keki. Zile za mraba, zimechovywa chokoleti na kuviringishwa kwenye nazi, kapanga kwenye sinia la bati chini ya kitambaa. Alikuwa amezipika mwenyewe, ilionekana. Pembe nyingine zilikuwa na nazi, nyingine zilikuwa uchi. Akatua sinia mbele ya Kezia, na chini ya sinia palikuwa na karatasi imejitokeza ukingo.

"Onja kwanza," akasema. "Na usinidanganye."

Kezia akaonja. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Darcy, ambaye alikuwa ameshameza yake kwa shida, alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Zimekauka, bosi," akasema Kezia. "Umeziacha tanurini dakika kumi za bure."

Glenys akaivuta ile karatasi ya mkataba kutoka chini ya sinia, akapangusa nazi, akamsukumia pamoja na kalamu.

"Sehemu ya chini kulia," akasema. "Halafu nieleze habari za tanuri."